Wikendi Waliyoninyamazia

Katika insha za shule hakuna mtu anayekufa hivi hivi. Kwanza mawingu hutanda, kisha bundi hulia, halafu simu huita na mhusika hupigwa na butwaa akabaki ameduwaa kama sanamu. Najua kwa sababu nimewaua wengi kwa njia hiyo na nikapewa alama nzuri. Kaka yangu alikufa Alhamisi, bila bundi. Ijumaa nikatangazwa mshindi wa insha shuleni. Jumamosi na Jumapili nikacheza gemu na watu wawili waliojua kwamba amekufa, nao hawakuniambia. Niliwakasirikia watu hao kwa muda mrefu sana, na kuna siku nilishindwa kutenganisha hasira hiyo na msiba wenyewe.

Tulikuwa tukiishi Mountain View, Nairobi. Nikisema hivyo watu hudhani nyumba za mageti na maua ukutani. Wapi! Sisi tulikuwa upande ule unaoteremkia Kangemi, vyumba viwili juu ya duka la dawa: mimi, Mama, na kaka kabla hajasafiri. Baba tulimzika kwao magharibi nikiwa mdogo kiasi kwamba nakumbuka wali wa siku ile kuliko ninavyomkumbuka yeye. Mama alifanya kazi River Road katika duka la uchapishaji. Kazi yake ilikuwa kukunja na kubana: kadi za harusi, kalenda za makanisa, na zaidi ya yote programu za mazishi, zile za karatasi inayong'aa zenye picha ya marehemu mbele na maisha yake ndani. Alikuwa akisema harusi zina msimu lakini mazishi hayana likizo. Jioni, akivua viatu, angetuambia, "Leo tumekunja mzee mmoja mzuri sana, mrefu, na suti yake." Sisi tulicheka. Katika nyumba yetu kifo kilikuwa kazi ya Mama, kama vile ualimu ulivyo kazi ya mwalimu.

Kaka alikwenda Ghuba, nchi za Waarabu, kulinda bohari la mizigo. Kule alikokwenda walikuwa wamezuia simu za mtandao ambazo sisi huku tunapigiana bure, na simu ya kawaida ilikuwa inameza vocha kama mbuzi anavyomeza majani. Sijui ni mfanyakazi gani aliyegundua kwanza kwamba ndani ya gemu ya vita, ile ya kucheza watu kadhaa kwa simu, sauti inapita bila kizuizi. Kaka alipojua alinitumia simu yake ya zamani kupitia mtu aliyekuwa anarudi, kioo kimepasuka pembeni, na maagizo mafupi: nijifunze kupiga risasi upesi.

Basi Mama, mtu wa kikundi cha akina mama kanisani, ambaye hakuruhusu hata karata ndani ya nyumba yake, akaruhusu bunduki. Jumamosi baada ya chakula cha mchana tuliketi kitandani mwangu tukigawana earphone, sikio moja lake, moja langu. Mimi nikikimbia na kujificha nyuma ya kuta, yeye akiuliza habari.

"Umekula?"

"Nimekula, Mama. Ngoja kidogo, kuna mtu ananipiga risasi hapa."

Mara ya kwanza alipiga ukelele mpaka jirani akaja kugonga mlango. Baadaye alizoea, akawa anauliza kama huyo anayempiga risasi ni Mkenya au ni mtu wa mbali.

Kikosi chetu kilikuwa cha watu wanne. Mimi na kaka, na wenzake wawili wa chumba kimoja. Mmoja alikuwa wa Ukambani, mwenye sauti ya polepole, tukimwita Mzee ingawa kaka alisema hana mvi hata moja. Wa pili alitoka magharibi kama sisi, mdomo haukai, angeweza kukuchekesha ukapigwa risasi ukiwa bado unacheka. Walipanga zamu zao ili Jumamosi alasiri wawe chumbani pamoja. Sikuwahi kuwaona hata picha. Niliwajua kwa sauti, na kwa namna kila mmoja alivyokufa kwenye gemu: Mzee kwa kurudi nyuma kumchukua mtu, yule mwingine kwa kelele.

Kaka ndiye aliyenifundisha kuandika, na alinifundisha kwa dharau. Nilipokuwa nikimsomea insha zangu alikuwa akinikatiza sentensi ya kwanza tu.

"Kwani kwa insha zenu kila mtu huamka alfajiri na mapema? Hakuna msee hulala mpaka saa nne?"

Nilinuna, lakini maneno yalinikaa. Muhula ule tulipewa insha ya mashindano, ile ya kumalizia kwa maneno uliyopewa: "…hapo ndipo nilipojua kwamba nyumbani ni nyumbani." Wenzangu wote walimpeleka mhusika mjini akapotoka, akarudi kijijini akilia. Mimi niliandika siku ambayo kaka yangu anarudi kutoka Ghuba. Nilimwandika kwa jina lake kamili. Nilimwamsha saa nne. Nilimshusha Kangemi na begi lisilo na gurudumu moja, nikampandisha kilima chetu akigombana nalo, nikamfanya asimame chini ya dirisha letu aite, na Mama aachie beseni la nguo lianguke ngazi nzima. Sikutia bundi wala radi. Mwalimu wa Kiswahili, mwanamke mkali asiyetabasamu bure, alisema mbele ya gwaride siku ya Ijumaa kwamba insha hiyo imemkumbusha kwamba lugha ni ya watu walio hai. Akasema mimi mwenyewe nitaisoma mbele ya wazazi siku ya tuzo. Nilitembea kwenda nyumbani nikiwa nimevimba kichwa.

Mama nilimwambia, akapiga vigelegele mpaka mwuza dawa akatoka nje. Lakini sikumsomea. Nilitaka kaka aisikie kwanza, kwa sababu ni yeye aliyenicheka, na kwa sababu mimi ni mtu wa kulipiza. Nilitaka afike mwisho akose la kucheka. Hilo tu ndilo nililolitaka wikendi ile.

Jumamosi nilipoingia kwenye gemu, Mzee na mwenzake walikuwa wameshafika. Hilo halikuwa kawaida. Siku zote mimi ndiye niliyewangoja. Jina la kaka lilikuwa na rangi ya kijivu, maana yake hayupo.

"Sista, uko aje?" Mzee akasema.

"Niko poa. Huyu mtu wangu ako wapi?"

"Ako shift. Walibadilisha."

"Ataingia saa ngapi?"

"Sijui, sista. Wacha tucheze tu."

Tukacheza, na nikawa hodari ghafla. Nikifika kwenye nyumba, bunduki nzuri ipo na wao wameipita. Nikiumia, Mzee yuko juu yangu tayari ananitibu. Adui akitokea, wanampunguza nguvu halafu wanasema, "Huyo wako." Yule mwenye mdomo hakuwa na utani hata mmoja. Nilimaliza mchezo nikiwa wa kwanza, kwa mara ya kwanza tangu nianze, na nikajigamba. Niliwaambia kumbe tatizo letu siku zote lilikuwa kaka. Walicheka kidogo. Mtu akikuachia ushindi huoni kwamba umeachiwa; unaona umeiva.

Mama aliingia kutoka kanisani walikokuwa wakifagia, akaketi, akachukua sikio lake.

"Hamjambo, wanangu?"

"Hatujambo, Mama."

"Wangu hajatoka kazini?"

Kulikuwa na kimya. Nilidhani ni mtandao, maana mtandao wetu ulikuwa na tabia hizo.

"Bado, Mama," Mzee akasema.

"Mwambieni asilale njaa. Akichoka huyo hulala bila kula."

"Tutamwambia, Mama."

Mama akanirudishia earphone, akaenda kuloweka maharagwe. Maneno hayo matatu, bado na tutamwambia na Mama, niliyabeba miaka nikiyapigia mahesabu ya hasira. Nilijiuliza ni moyo gani wa mtu unaoweza kuyatamka.

Nilingoja. Tulicheza tena, na tena, jina likiwa kijivu. Mwishowe tulijificha ndani ya nyumba moja ya gemu isiyo na paa, nikasema kwamba nimeshinda tuzo ya insha, na kwamba nilikuwa namngoja kaka nimsomee, lakini naona amekataa kuja.

"Ni ya yeye," nikasema. "Ni ya vile atarudi."

"Soma," Mzee akasema. "Soma tu. Tunasikiza."

Nikasoma. Nilisoma kama tulivyofundishwa, kwa kupumzika kwenye vituo. Jina la kaka lilikuwa katika kila aya, na kila nilipolitaja nilitia mkazo kidogo wa kumchokoza, kana kwamba angeweza kuingia wakati huo akasikia anavyosemwa. Nilimtoa uwanja wa ndege. Nilimpandisha kilima na begi lake. Nilipofika pale anaposimama chini ya dirisha, kile kialama cha kinasa sauti cha yule mwenye mdomo kikapigwa mstari. Alikuwa amekizima. Sentensi chache baadaye cha Mzee kikapigwa mstari pia. Niliendelea hadi mwisho, hadi nyumbani ni nyumbani, nikisomea watu waliofunga vinywa. Wakati huo huo maadui wakaingia kupitia mlangoni, wakatupiga risasi sote watatu, na hakuna hata mmoja wa wenzangu aliyesogeza mkono.

"Sasa hata watu hamwaoni?" nikafoka. "Na mlikuwa mnasikiza ama mlienda choo?"

Mzee alichelewa kurudi.

"Tulisikiza yote," akasema. "Umemwandika vile yuko. Hata begi."

Nikaona ni sifa ndogo kwa kazi kubwa. Nilizima simu nikiwa nimenuna.

Yaliyokuwa yakiendelea nyuma yangu niliyajua baadaye, kwa vipande. Kaka alirudi kutoka zamu ya usiku, akalala, hakuamka. Mzee ndiye aliyekuwa na namba ya Mjomba, kaka yake Mama, anayekaa Mutuini, kwa hiyo Alhamisi ile ile Mjomba alikuwa anajua. Lakini kwetu habari ya kifo haimfikii mwenye kifo kwa simu. Huletwa na watu kwa miguu yao, na mama mzazi haambiwi akiwa peke yake, wala haambiwi na mwanamume tu. Lazima awepo wa kumshika, na wa kumshika ni dada yake. Dada yake, Mama Mkubwa, alikuwa magharibi, analima. Ilibidi aelezwe jambo lingine, apande basi, afike, ndipo aambiwe, ndipo aje. Wazee wa kanisa nao walipaswa kupangwa. Hadi miguu hiyo ikamilike, kila anayejua anapaswa kuishi kama asiyejua. Mwuza dawa wa chini alijua; Mjomba alikuwa amemwomba akae macho. Mchungaji alijua. Nadhani Ijumaa nilipokuwa nikitangazwa mtaa mzima ulikuwa unajua kuliko sisi. Na Mjomba alimwambia Mzee maneno haya: mtoto akiingia huko kwenu, msimshtue, mshikilieni mpaka tufike.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema anayeficha kifo huumbuliwa na nini.

Jumapili Mama alikwenda ibada ya pili, mimi nikabaki kwa kisingizio cha kuumwa kichwa. Sikutarajia mtu kwenye gemu, maana Jumapili hawakuwa wanaingia. Wote wawili walikuwepo. Wa tatu kijivu.

"Bado ako shift?" nikauliza.

"Bado," akasema yule mwenye mdomo, na hilo ndilo neno lake pekee kwa muda mrefu. Halafu akaanza kuniuliza mambo ya ajabu: napenda somo gani, nimekula nini asubuhi, mwalimu wangu anaitwaje. Nilijibu nikimkata adui mmoja na mwingine. Mama alirudi, akabadilisha nguo, nikamsikia jikoni akikata sukuma.

"Sista," Mzee akasema. "Mama ako wapi?"

"Jikoni."

"Ako na mtu?"

"Ako peke yake. Kwani unataka kumsalimia?"

"Hapana. Sawa. Tucheze ingine."

Tulikuwa katikati ya hiyo nyingine niliposikia viatu kwenye ngazi, vingi, vikipanda polepole, bila mtu kuongea. Watu wa jengo letu hupanda wakiongea.

"Sista, vua earphone sasa," Mzee akasema. "Enda ukae na Mama."

"Game haijaisha."

"Nimesema vua."

Hakuwa amewahi kuniamrisha. Nilivua, na mlango ukagongwa.

Mama alitoka jikoni akipangusa mikono kwa leso. Wa kwanza kumwona alikuwa dada yake, kitambaa kichwani, mkoba wa safari begani, na Mama akatabasamu, akatabasamu kabisa, akafungua mikono kwa furaha ya mtu aliyetembelewa. Halafu akamwona Mjomba nyuma yake, kisha wazee wawili wa kanisa wameshika kofia. Mama alikuwa amekunja maisha ya watoto wa wenzake miaka mingi. Mpangilio aliujua.

"Semeni basi," akasema. "Semeni nikiwa nimesimama."

Mama Mkubwa akamkamata kabla Mjomba hajafungua kinywa. Alichosema Mjomba sikukisikia, au nilikisikia nikakitupa. Nakumbuka harufu ya vitunguu. Nakumbuka kwamba nilirudi chumbani, sijui kwa nini, labda kwa kuwa kule kulikuwa na watu waliokuwa karibu naye kuliko hawa. Nikavaa earphone. Walikuwa bado wako. Mtu mmoja alikuwa anapenga kamasi.

"Mlijua," nikasema.

"Tulijua," Mzee akasema.

Nikaifuta gemu kwenye simu hapo hapo. Sikuwahi kuirudisha.

Maiti kutoka Ghuba haiji upesi. Ina barua zake na mihuri yake na kungoja kwake. Siku ya tuzo ilifika tukiwa bado tunangoja. Mwalimu wa Kiswahili alikuja nyumbani mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha plastiki kati ya akina mama wa kanisa, akaniambia kwa upole ambao sikuujua kwake kwamba si lazima nisome. Nikamwambia sisomi. Mama, ambaye siku hizo alikuwa haongei isipokuwa ameulizwa, akasema kwamba kutosoma sawa, lakini tuzo nitaipokea, na yeye atakuwepo. Alikuja na kitambaa cheupe cha kikundi chake. Jina langu lilipotajwa ukumbi mzima ulisimama na kunipigia makofi yale laini, ya viganja visivyogusana vizuri, wanayopigiwa wafiwa. Nilipewa kamusi na cheti. Niliwachukia wote, walimu, wazazi, hata wanafunzi wa kidato cha kwanza waliokuwa wakilia kwa kuiga. Nilikuwa nimeshinda kwa kuandika vizuri, na pale nikapewa pole.

Programu ya kaka ilichapishwa River Road, dukani kwa Mama. Wenzake walikuwa wamekubaliana waifanye asipokuwepo. Akatokea. Nilikuwa naye. Walisimama mbele ya meza wakimzuia, wanawake aliokula nao chakula cha mchana miaka yote, na mmoja akamwambia, "Dada, hii tuachie." Mama akajibu bila ukali.

"Nimekunja wa kila mtu. Huyu wangu mtamkunja nyinyi?"

Wakampisha. Akaketi mahali pake, akavuta rundo, akaanza. Karatasi ile ikikunjwa vibaya picha ya mbele hupata mstari usoni, kwa hiyo huanza na kidole katikati, taratibu, halafu ukucha. Alikunja hadi jioni bila kumtia kaka mstari hata mmoja. Ndani yake kulikuwa na maisha yake, niliyoandika mimi kwa amri ya Mjomba: alizaliwa, alisoma, alipenda mpira, ameacha mama na dada. Niliandika kama zinavyoandikwa zote. Sikuwa na nguvu ya kuandika vizuri.

Tulimzika magharibi kando ya Baba. Nikamaliza shule. Insha sikuandika tena isipokuwa ya mtihani, na humo nilirudisha alfajiri na mapema, na bundi, nikapita.

Baada ya zaidi ya miaka miwili Mzee akampigia Mama simu. Alikuwa amerudi Kenya moja kwa moja, alitaka kuja kutoa pole. Mama akanituma nikampokee stejini, Waiyaki Way, na mimi nikaenda nikiwa nimeyapanga maneno, makali, kwa mpangilio. Nilitafuta mtu mzima. Aliyekuja mbele yangu alikuwa kijana mfupi, mwembamba, mwenye shati lililopigwa pasi sana, na mfuko wa maembe ya Ukambani mkononi. Nilimjua aliposema "Sista."

Tulipanda kilima. Maneno yangu makali yalipotea yote isipokuwa moja.

"Mngeniambia."

"Uncle yako alikataa. Na hata kama hangekataa, ningekuambia aje? Kwa earphone? Na Mama amekaa hapo?"

"Lakini mkakubali nisome."

Alihamisha mfuko mkono mwingine.

"Hiyo ndiyo nimekuja kukuambia. Sisi huko hatukuwa na matanga. Walikuja wakambeba, supervisor akasema zamu ni ile ile. Hakuna mtu alitaja jina yake tena. Ukitaja, mtu analia, na ukionekana unalia wanasema wewe ni mgonjwa, unarudishwa nyumbani. Tukakaa hivyo, kitanda yake iko hapo. Halafu wewe ukaanza kusoma, na jina yake iko kila mahali. Tulizima mic tulie. Hiyo yako ndiyo matanga tulifanya."

Tulipita duka la mboga, tukapita kinyozi. Nilikuwa nimewafanyia matanga bila kujua, na miaka yote hiyo nilidhani walinifanya mjinga.

Karibu na jengo letu nikamwuliza ilikuwaje hasa, maana karatasi iliyokuja na maiti ilisema moyo, na kaka hakuwa na ugonjwa wa moyo. Akasimama.

"Hiyo wiki AC ilikuwa imekufa," akasema akitazama chini. "Ilikuwa joto hata huwezi kushika kuta. Tuliomba watufungulie dirisha, ilikuwa imepigwa skrubu toka nje. Wakasema fundi anakuja Ijumaa." Akaninyanyulia macho. "Mama anajua nini?"

"Anajua karatasi."

Tukapanda ngazi.

Mama alimkumbatia muda mrefu, akamwita mwanangu, akamwosha mikono yeye mwenyewe kwa jagi na beseni. Alikuwa amepika chapati na maharagwe ya nazi, chakula cha mgeni. Hakumwuliza habari za kazi wala za safari. Alingoja ale kidogo, akasogeza kiti chake, akauliza jambo ambalo nadhani alikuwa amelihifadhi tangu siku ile ya viatu kwenye ngazi.

"Mwanangu alikuwa analala upande gani?"

"Kando ya dirisha, Mama."

"Afadhali," Mama akasema, na mabega yake yakashuka. "Huyo tangu utoto hawezi kulala bila hewa. Hata hapa alikuwa anafungua dirisha na mvua inanyesha, tunagombana. Hilo la huko lilikuwa linafunguka?"

Mzee alishikilia kipande chake cha chapati hewani. Alimtazama Mama, akatazama sahani, halafu akanitazama mimi, na nikaona kwamba Jumamosi ile alikuwa ametumia uongo wote aliokuwa nao.

"Lilikuwa linafunguka, Mama," nikasema. "Kaka mwenyewe aliniambia."

Mama akaitikia kwa kichwa, akamwongezea mgeni maharagwe.